Moto zilizotoka kiwandani hazikuwa moto zilizouzwa



Leo nataka tuongee historia ya Japani, lakini mtanisamehe nianzie mu depo ya baba mdogo ku Butembo. Bila ile depo nisingekuwa na haja yoyote ya kusoma habari za Wajapani na moto zao.

Nilipokuwa ninamaliza chuo, nilifanya memwari juu ya biashara ya moto katika mji wetu. Nilizunguka kwa wafanyabiashara wanaoagiza, wakanifungulia madaftari yao, nikajumlisha moto zilizoingia mwaka kwa mwaka. Mstari ulipanda vizuri kabisa. Nikaandika kwamba mahitaji ya moto yanaongezeka na kwamba soko bado ni changa. Siku ya kuitetea, walimu walinipa alama nzuri, mama akalia, tukakunywa. Baba mdogo alikuwa amekaa mstari wa mbele na koti lake la ndoa. Jioni akanivuta pembeni:

— Mutoto, weye umesoma. Unasema soko iko inapanda?

— Ndiyo, papa. Namba ndizo zinasema.

Akaagiza kontena nyingine bila kuniambia. Nilijua miezi minane baadaye, nilipoingia mu depo na kukuta makatoni yamepangwa mpaka karibu na bati, moto zikiwa bado vipande vipande ndani. Vumbi lililokuwa juu yake, ungeweza kuandika jina lako kwa kidole.

— Ulihesabu nini? akaniuliza. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

— Moto zenye ziliingia.

— Ziliingia wapi?

— Mu depo, papa.

— Na zenye zilitoka?

Sikuwa na jibu. Ndiyo nikaanza kusoma, ili nijue kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufanya ujinga kama wangu. Nikawakuta. Tena hawakuwa watoto wa chuo. Walikuwa wakubwa wa viwanda viwili vya moto vilivyokuwa juu ya vingine vyote duniani.

Twende basi Hamamatsu, mji wa Japani ambako kila mtu anaonekana alizaliwa na bisibisi mkononi. Baada ya vita ya pili ya dunia nchi ilikuwa majivu, treni zimejaa kupita kiasi, mafuta ni ya kupimiwa. Mwaka 1946 fundi mmoja wa pale, Soichiro Honda, alipata injini ndogo za jeshi, zile zilizokuwa zinaendesha mitambo ya redio. Akazifunga kwenye baiskeli. Injini zilipoisha akaanza kutengeneza zake mwenyewe. Wengi wakafanya kama yeye, karakana baada ya karakana. Suzuki, waliokuwa wanatengeneza mashine za kufuma nguo, wakaingia. Mwaka 1955 wakaingia watu wa Yamaha, ambao sote tunawajua kwa vinanda vya kanisani. Baada ya miaka ya kubanana, walibaki wanne wa maana: Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki.

Lakini mtu ninayempenda katika historia hii si Honda mwenyewe. Ni mshirika wake, Takeo Fujisawa, yule wa kuuza. Mwaka 1952 kampuni ilikuwa na injini mpya ya kufunga kwenye baiskeli, lakini haikuwa na maduka. Fujisawa akaandika barua kwa maduka ya baiskeli ya Japani nzima, maduka zaidi ya 50.000, mengine mu vijiji vya mbali kabisa. Aliwaambia kwa ufupi: babu zenu walikuwa na moyo wa kuuza baiskeli wakati hakuna aliyeijua, sasa wateja wenu wanataka baiskeli yenye injini, je, mko tayari? Maelfu walijibu. Kisha akawaomba watume pesa kwanza, mzigo utafuata. Na wakatuma!

Kwa nini mwenye duka la kijijini atume pesa kwa kampuni asiyoijua? Mimi naona ni kwa sababu yeye alikuwa anawajua wateja wake kwa majina. Alikuwa anajua mwalimu fulani amechoka kupanda kilima, muuza samaki fulani anachelewa sokoni. Aliponunua injini 3, alikuwa tayari na watu 3 kichwani. Shikeni hili, tutalirudia.

Mwaka 1958 ikaja Super Cub. Kuhusu moto hii mtu angeweza kuandika kitabu, mimi nitasema kitu kimoja tu: ilitengenezwa ili kijana anayepeleka tambi za moto kwa wateja aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine umebeba chakula. Ndiyo maana haina embreaji ya kukamata kwa mkono. Motari wetu anayeshika simu akiwa anaendesha angeifurahia sana (msimwige). Mpaka mwaka 2017 Honda walikuwa wametengeneza za aina hiyo milioni 100, hakuna chombo kingine chenye injini kilichofika hapo.

Miaka ya 1970 wauzaji wakatafuta wateja wapya, wakawaona akina mama. Mwaka 1976 Honda walitoa kimoto chepesi kinaitwa Roadpal, na tangazoni wakamweka Sophia Loren, nyota wa sinema wa Italia. Mwaka uliofuata Yamaha wakajibu na Passol, ambayo mwanamke mwenye sketi aliweza kuipanda bila kurusha mguu. Vyote vilikuwa vya 50 cc. Leseni yake ilikuwa rahisi: uwe na miaka 16, ufanye mtihani wa kuandika, basi. Kaske haikuwa lazima. Mama anakwenda sokoni, anaweka mboga mbele, anarudi. Nyumba zilizokuwa hazina moto sasa zikawa nayo, nyingine mbili.

Wakati huo Honda walikuwa wameanza kupenda magari. Pesa na mainjinia wao wazuri walikwenda huko, mpaka wakajenga viwanda Marekani. Yamaha wakaangalia, wakaona mwenye nyumba amelala. Kufika 1981, nchini Japani walikuwa karibu wanalingana. Mwaka huohuo rais wa Yamaha Motor, Hisao Koike, akatangaza kwamba watajenga kiwanda kipya cha moto milioni 1 kwa mwaka, wawapite Honda na wawe wa kwanza duniani.

Honda waliamka, na waliamka vibaya. Neno lililozunguka kati yao lilikuwa la kuipondaponda Yamaha. Kwa muda wa miezi 18 walitoa au kubadilisha aina 113 za moto. Yamaha waliweza aina 37. Fikiria wewe ndiye muuzaji: leo umeweka kimoto kipya mbele ya duka, kesho kutwa kinakuja kingine kinachofanya kile cha jana kionekane cha bibi yako. Bei zikaanguka, nyingine zaidi ya theluthi. Ilifika mahali 50 cc ikauzwa chini ya bei ya baiskeli ya gia kumi. Wajapani wanaita miaka ile vita ya H na Y.

Na sasa namba. Mwaka 1982, soko la ndani la Japani lilifikia kilele chake: zaidi ya milioni 3 na elfu 200. Mtu akichora mstari kama nilivyochora mimi mu memwari yangu, ataona mlima mzuri unaopanda mpaka pale juu, na atasema: Wajapani walipenda moto kuliko wakati wowote ule.

Hapana. Ile namba huhesabu moto zilizotoka kiwandani kwenda kwa wauzaji wa ndani ya nchi. Haihesabu moto zilizopandwa na mteja. Kati ya kiwanda na mteja kulikuwa na maelfu ya maduka, na yale maduka yalikuwa yamejaa mpaka njiani. Mwanzo wa 1983 Yamaha peke yao walikuwa na mzigo kwa wauzaji ambao ungetosha kuuza kwa mwaka mzima bila kutengeneza hata moto moja. Kile kilele, sehemu yake ilikuwa depo.

Nilipofika hapo mu kusoma, nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Mwaka 1983 Koike alikubali mbele ya watu wote kwamba wameshindwa na kwamba kosa ni lao. Akajiuzulu. Yamaha wakapunguza uzalishaji, wakapunguza wafanyakazi, wakauza baadhi ya mali zao. Vitabu vya gestion vinapenda kuimaliza hadithi hapa, Honda ameinua mkono, firimbi imelia. Kwetu ndiyo inaanza, kwa sababu mshindi alipogeuka kuangalia kile alichoshinda, kilikuwa kimeanza kupungua, na hakikurudi tena. Soko lile la zaidi ya milioni 3 limefika miaka hii kwenye elfu 400 hivi, kuna miaka hata chini ya hapo. Yaani mu kila moto 8 zilizotoka wakati ule, leo inatoka 1.

Sitasema kwamba vita peke yake iliua soko. Lakini iliharakisha ugonjwa. Ukimuuzia mama moto kwa bei ya baiskeli mwaka huu, mwaka ujao hatanunua, na mwaka mwingine pia hatanunua. Umekula mbegu. Tena vijana wengi waliopata moto kwa bei ya bure waliendesha kama wanavyoendesha vijana, wengine wakafa. Mwaka uleule wa 1982, shirikisho la wazazi na walimu la shule za sekondari lilipitisha azimio la mambo matatu: mwanafunzi asipate leseni, asinunue, asipande. Shule nyingi zilifuata kwa ukali. Wauzaji hawakusikia kishindo siku ile, sababu mwanafunzi mmoja asiyenunua haonekani dukani. Lakini mtu ambaye hakupanda moto akiwa na miaka 16, kwa nini aipande akiwa na 30, wakati gari ndogo ya bei nafuu iko pale?

Mwaka 1986 kaske ikawa lazima hata kwa 50 cc. Sheria nzuri, iliokoa vichwa. Ila mama wa sokoni, aliyetoka kutengeneza nywele, akaona heri baiskeli. (Dada zangu mnaopanda moto ku Goma na ku Bukavu mnajua hii vita ya kaske na misuko, sina haja ya kuieleza.) Na 2006 polisi ya Japani ikaanza kuajiri kampuni za kukamata vyombo vilivyosimama vibaya mijini. Gari lilikuwa na maegesho, moto hazikuwa nayo ya kutosha. Kijana akanunua mkate, akatoka, akakuta karatasi ya faini.

Lakini kinachonichekesha na kunihuzunisha pamoja ni kile walichofanya Yamaha 1993. Walitoa baiskeli ya kwanza duniani ya kuuzwa yenye mota ya umeme inayomsaidia mtu kukanyaga. Jina lake PAS. Haihitaji leseni. Mbele unaweka mboga, nyuma unaweka mtoto. Ni yuleyule mama wa 1977, sketi ileile, soko lilelile! Yamaha walikuwa wamemtengenezea chombo cha kuachana na moto zao. Wengine wanasema walijichimbia kaburi. Mimi nawapa heshima: mteja alikuwa anaondoka kwa vyovyote, wao walikimbia mbele wakamngojea njiani.

Na muuzaji? Yule wa duka la baiskeli aliyetuma pesa 1952, au mtoto wake? Huyu hana rais wa kujiuzulu kwa niaba yake. Wengi walizeeka na maduka yao. Watoto walikwenda Tokyo kufanya kazi za ofisi, siku mzee alipochoka mlango ulifungwa, na kijiji kikabaki bila mtu wa kuziba hata pancha. Waliobaki walibadilika. Wakawa mafundi kuliko wauzaji. Wakaanza kuuza moto kubwa kwa wanaume wenye mvi, wale waliokatazwa na shule zamani, ambao sasa watoto wamekuwa wakubwa na mke amekubali. Mnunuzi wa kawaida wa moto mpya Japani leo amepita miaka 50. Faida kwa moto moja ni kubwa kuliko ile ya kimoto cha mama, lakini ni mteja wa mwisho mwisho, hana wa kumrithi.

Viwanda vyenyewe viliokoka kwa sababu ya njia nyingine. Wakati soko la nyumbani linaanza kupungua, walikuwa na miguu nje: Thailand, Indonesia, baadaye Vietnam, ambako watu walifika kuita moto yoyote "honda". Na India. Hapa bamotari wetu wanaingia bila kujua. Katika miaka ileile ya 1980, Honda waliungana na Hero, Suzuki wakaungana na TVS, Kawasaki wakafundishana kazi na Bajaj. Wahindi walijifunza, wakaachana na walimu, wakatengeneza zao. TVS inayokupeleka kazini na Boxer inayobeba mihogo kutoka Lubero ni wanafunzi wa wale Wajapani. Hata Haojue ya China ilifanya kazi na Suzuki. Moto ya Japani yenyewe kwetu imebaki ya mapadri wa zamani na ya mashirika, ile AG 100 ya Yamaha isiyokufa. Mafuta ya mkononi mwa fundi wa Hamamatsu yamefika mpaka kwetu, ila kwa kuzunguka.

Mwaka 2016, miaka 35 baada ya lile tangazo la kiwanda, Honda na Yamaha walitangaza kwamba wanazungumza juu ya kushirikiana katika 50 cc. Mwaka 2018 kimoto cha Yamaha kinachoitwa Jog, kilichozaliwa mu moshi wa vita 1983, kilianza kutengenezwa na Honda, mu kiwanda cha Honda, kwa injini ya Honda. Kilibandikwa tu jina la Yamaha. Soko lilikuwa limekuwa dogo hata halitoshi maadui wawili. Na 2025, kwa sababu ya sheria mpya za moshi, Honda waliacha kabisa kutengeneza 50 cc za nyumbani, Super Cub ndogo ikiwemo.

Nilimsomea baba mdogo haya yote jioni moja, tumekaa juu ya makatoni yale. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza juu ya Honda wala juu ya Koike. Aliuliza juu ya mtu mmoja tu:

— Ule wa barua. Alijuaje?

— Hakujua, papa. Wenye maduka ndiyo walijua.

Akanyamaza. Kesho yake akanituma ku rompwe mbili na ku maegesho matatu, niulize bamotari swali ambalo sikuwahi kuuliza wakati wa memwari: moto yako uliinunua mwaka gani, na utaibadilisha lini? Wengi walicheka. Hawakuwa wananunua. Walikuwa wanatengeneza ya zamani, piston, mnyororo, tairi la nyuma. Wengine moto haikuwa yao, wanamletea mwenyewe pesa ya kila siku, na mwenyewe amesema hanunui ingine mpaka barabara itulie. Madaftari ya waagizaji yalikuwa yanapanda kwa sababu kila mwagizaji alikuwa anamwangalia mwenzake, si motari.

Baba mdogo aliacha kuagiza. Makatoni mengine aliyafungua akauza vipande kama vya kubadilisha, kwa hasara kidogo, akaweka fundi mbele ya depo. Fundi ndiye analisha nyumba sasa. Mimi nimemtengenezea daftari yenye safu mbili, iliyoingia na iliyotoka, na kila Jumamosi ananipigia simu kunisomea ile ya pili. Memwari yangu bado iko mu maktaba ya chuo, na alama yake nzuri. Nimekwisha kuomba niongeze ukurasa mmoja, wamesema haiwezekani.

Jumamosi iliyopita zilitoka mbili. Zimebaki kumi na moja.